Gitaa ya Nne Si Yangu

Ni mimi niliyemharibia Mutua muziki wake. Wacha niseme mara moja kabla roho haijageuka. Haikuwa bahati mbaya, wala baridi ya Nyeri kama watu walivyosema. Ni mimi!

Mimi hupiga gitaa ya besi. Nilitoka kwetu magharibi miaka michache baada ya uhuru, nikakodi chumba Majengo, hapa Nyeri. Jirani yangu alikuwa Mutua, Mkamba, na yeye ndiye alinifundisha kazi hii. Nilikuwa sijui hata kuishika! Alikuwa akinipangia vidole kimoja kimoja, akisema, "Pole pole bwana. Besi haikimbii. Besi ndiyo inabeba wengine."

Watu huniuliza mbona niko na magitaa mengi hivi. Hata mama watoto hunicheka: "Kwani uko na mikono ngapi?" Huwa najibu kwa maringo kwamba kila moja ina kazi yake. Na ni kweli. Moja ina sauti laini, ya nyimbo za polepole wazee wakicheza na mabibi zao. Nyingine ni kali, ya kuchangamsha vijana. Ya tatu nililegeza nyuzi zake, kwa sababu mwimbaji wetu mmoja alikuwa na sauti nzito na nyimbo za juu zilimshinda. Nikaiacha imelegea hivyo hivyo, nisisumbuke katikati ya dansi. Lakini nyuzi zenyewe zilikuwa kuukuu, zimeshika kutu. Ukizikaza, zinakatika. Hayo niliyajua mimi peke yangu.

Sasa sikieni ubaya wangu. Hoteli moja ya mjini ilitaka mpiga besi mmoja wa kuandikwa kabisa. Tukaitwa mimi na Mutua tujaribiwe Jumamosi mchana. Haki ya Mungu, nilijua atanishinda. Kila mtu alijua.

Asubuhi ya siku hiyo akaja mlangoni na gitaa yake vipande viwili. Ilikuwa imeanguka kutoka juu ya gari, yeye na wenzake wakitoka dansi Karatina, shingo ikavunjika.

"Ndugu yangu, nimekwisha," akasema. "Niazime moja."

Ile laini ilikuwa chini ya kitanda, nzima kabisa. Nikamwambia imeharibika. Nikamwambia aende atafute shati safi, gitaa nitambebea mimi. Sikutaka aijaribu mapema! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki." Na mimi, mtu mzima, nikaitikia amina!

Hotelini yeye ndiye alitangulia. Nikampa ile iliyolegea, bendi ya hoteli ikiwa tayari inaanza. Lo! Wimbo ukaenda njia yake na besi ikaenda njia yake. Mutua alikuwa na masikio, akagundua papo hapo. Akainama, akakaza uzi ule mnene haraka haraka. Paa! Ukakatika.

Watu wakacheka. Mutua akageuka kuniangalia. Ile gitaa yangu kali ilikuwa hapa, magotini pangu. Ningesema tu, "Chukua hii." Nikaangalia viatu vyangu.

"Huyu hata gitaa hawezi kutunza," meneja akasema. "Mwingine aje."

Kazi nikapata mimi. Na mnajua Mutua alifanya nini? Alikuja chumbani kwangu kuomba msamaha! "Bwana, nisamehe, nimekukatia uzi." Akautafuta mwingine mpaka Nairobi, akaniletea. Nikapokea. Nikasema asante.

Tangu siku hiyo hakuna bendi iliyomwita tena, maana cheko lilifika kila mahali. Mwishowe akarudi kwao Ukambani. Akaniachia ile gitaa yake iliyovunjika. "Mimi nimeshaaibika, sitaishika tena. Wewe itengeneze, itakusaidia."

Hiyo ndiyo gitaa ya nne. Niliipeleka kwa seremala Ruring'u akaunga shingo, na inalia vizuri kuliko zangu zote. Lakini sijawahi kuipiga mbele ya watu. Nikijaribu, vidole vinakataa. Naona aibu kuigusa, kwa sababu vidole vyenyewe ni yeye alivifundisha.

Juzi nilikutana naye sokoni Karatina, analeta machungwa. Nilitaka kujificha. Akaniita kwa furaha, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye aliniazima gitaa yake!" Nikacheka nao. Nikanunua machungwa, nikaenda zangu. Woga gani huu, jamani? Yale machungwa sikuyala.

Ndugu zangu, mwenzako akikuzidi, mwache akuzidi. Kazi nyingine utapata. Rafiki kama yule hutapata. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Mutua, nikila chakula chake na kumwita ndugu.

Mutua, jina nimekubadilishia, lakini ukisomewa haya utajijua. Ule uzi hukuukata wewe. Gitaa yako iko hapa, shingo imepona, njoo uichukue. Na ukifika, tafadhali, usiniombe msamaha tena.