Walikula Kwake, Wakamwandika

Kila mwaka chuo chetu kilipofanya sherehe, mkuu wake alisimama kwenye kipaza sauti akaishukuru "jamii inayotuzunguka". Mimi nilikaa nyuma na wafanyakazi wenzangu, sketi nimeipiga pasi, na kila nilipoyasikia maneno yale nilitamani kumrushia kiatu. Jamii inayotuzunguka! Sisi ndio tuliokuwapo. Wao walikuja wakajenga katikati yetu, juu ya kilima ambako mama yangu alikuwa akilima muhogo, halafu wakasema sisi ndio tunaowazunguka, kama inzi.

Lilikuwa tawi dogo tu la chuo kikuu: majengo machache ya matofali ya kuchoma, tangi la maji, na maktaba iliyovuja masika yote. Ukisimama mlangoni kwa mkuu uliliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Mtaa wetu ulikuwa chini yake, kwenye njia ya kuteremkia mwalo wa wavuvi wa Katonga. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza wa mtaa ule kupata kazi ya ofisini kule juu. Nilikuwa mpiga chapa, na mama alinitangaza sokoni kama vile nimekuwa waziri.

Sitasema tuliishi vibaya tangu mwanzo. Wanafunzi walipanga vyumba kwetu, na pampu ya chuo ilipofanya kazi tulichota maji kwenye bomba la geti la nyuma. Na wote, waliotoka Mbeya, Moshi, Dodoma, walikula kwa jirani yetu.

Huyo jirani nilimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa mabua. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavushwa akiwa mgongoni mwa mama yake katika mbio za kwanza, zamani sana kabla hakujawa na kambi hata moja ya kusikika. Alikulia mtaani kwetu, akaolewa na Muha mvuvi, akamzika mume wake makaburi yale yale alikolala baba yangu. Alibaki na binti mmoja, darasa la sita. Mama alipovunjika nyonga ndiye aliyemwogesha miezi miwili, mimi nikiwa kazini. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza katoka wapi. Kwa nini aulizwe? Alikuwa wa pale.

Alipika migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese, na ugali wa muhogo. Wanafunzi wageni walikuja wakiyaogopa yale mafuta mekundu, wakaondoka baada ya miaka yao wakibeba dumu zima kwenda nalo kwao. Mwanafunzi akiugua malaria alimpelekea uji chumbani. Walimwita Mama, na yeye aliamini kwamba mtu akikuita Mama ana maana hiyo.

Kisha ikaja ile miaka ya wakimbizi wengi. Malori yalipita njia panda ya Mwandiga yakielekea kambini, watu wamesimama na magodoro kichwani. Njegere za njano za msaada zilijaa masokoni, na mafuta ya kula kwenye makopo, na maturubai. Na sisi wote wa mkoa ule, wenyeji na wageni, tukajifunza jambo moja: mtu akija na faili mkononi akauliza "ndani mko wangapi?", hiyo ni posho. Ukisema wanne unapimiwa ya wanne. Ukisema tisa unapimiwa ya tisa. Wenyeji wengi waliokuwa na njaa kuliko hata wale waliokimbia walijiandikisha, wakala unga wa msaada kwa raha zao. Siwalaumu hata kidogo. Mvua ilikuwa imegoma miaka miwili.

Katika hali hiyo, mtaalamu mmoja wa chuo chetu, mtu wa mkoa wa mbali aliyependa kuitwa Dokta, akaamua kuchunguza uhusiano wa chuo na wakazi. Nilimpigia chapa dodoso lake mwenyewe. Ulizaliwa wapi? Ulihamia lini? Ndani mko wangapi? Kwa siku mnakula mara ngapi? Maswali ya namna hiyo, Kigoma, mwaka ule! Hakumwuliza mtu hata mmoja wa mtaani kama yanafaa. Hakuniuliza hata mimi niliyeyapiga, na mimi, kwa ujinga wangu, sikufungua mdomo. Juu kabisa ya karatasi kulikuwa na maneno haya: "Majibu yako ni siri." Niliyapiga kwa herufi kubwa.

Wanafunzi waliposhuka na mafaili yao, habari ilishafika hata mtaa wa Rusimbi kwamba orodha imekuja. Mama yangu, mzaliwa wa Ujiji, binti wa mzaliwa wa Ujiji, alivua viatu, akajifunga khanga iliyochakaa, akakaa kwenye mkeka akamsubiri mwanafunzi wake. Jioni niliporudi nilimkuta amechangamka.

"Nimeandikisha watu kumi na mmoja," akaniambia.

"Wapi? Tuko wawili humu!"

"Nimemwambia tumekimbia vita, tumetembea siku sita, wengine nimewaacha porini. Yule kijana wa watu amelia. Nikasikitika, nikampa karanga."

"Mama! Ile si posho. Ni utafiti."

"Utafiti unaliwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mdogo alikuwa upande wa pili wa ua akiosha masufuria, naye akacheka. Nikamwuliza yeye amesema nini. Walimhoji huku wanakula kwake, akasema, mmoja anauliza, mmoja anaandika, faili kando ya sahani.

"Nimewaambia kweli. Nimezaliwa ng'ambo, nimeletwa mgongoni. Hawa ni watoto wangu, mwana wanje, niwadanganye kwa nini?" Ndivyo alivyoniita siku zote, mwana wanje, yaani mwanangu.

Baada ya wiki chache Dokta aliniletea madodoso, akaniambia nipige orodha ya wote waliojibu kwamba wamezaliwa nje ya nchi, nyumba kwa nyumba. Nikapiga. Nilipofika kwa mama yangu nilicheka tena peke yangu. Nilidhani ni ya kitabu chake.

Haikuwa ya kitabu. Amri ilikuwa imeshatoka kwamba waliotoka ng'ambo wanaoishi mitaani wapelekwe kambini, na mtendaji wa kata alikuwa akihangaika ataanzia wapi, kwa sababu katika mtaa kama wetu hakuna jirani ambaye angemnyooshea jirani kidole. Chuo kikamwondolea taabu. Dokta alimkabidhi orodha kwa mkono wake mwenyewe, wakapiga picha pamoja, na kwenye ubao wa matangazo ikabandikwa karatasi ya kusifu ushirikiano wetu na serikali ya kata. Majibu yako ni siri! Mpaka leo, na nywele zimeshakuwa nyeupe, nikiikumbuka sentensi ile natema mate chini.

Mgambo walipita Jumatatu. Waliomo kwenye orodha wafike uwanja wa mpira Alhamisi asubuhi, na mizigo wanayoweza kubeba. Walisimama kwetu, wakasimama kwa mama mdogo. Mama aliwatukana kwa Kiha kuanzia babu zao. Mama mdogo aliingia ndani akaanza kukunja nguo za binti yake za shule.

Nilipanda kilima mbio. Dokta alikuwa anakunywa chai.

"Dokta, mama yangu yumo kwenye orodha. Amezaliwa Ujiji. Mwenyekiti wa mtaa anamjua, hata msikitini wanamjua."

Akaitafuta karatasi ya majibu yake, akaisoma, uso ukambadilika.

"Watu kumi na mmoja? Siku sita porini?"

"Alidhani ni posho."

"Mama yako ameniharibia takwimu, dada. Unajua hii kazi imechukua muda gani?"

Nilimwomba radhi. Ndiyo, mimi ndiye niliyeomba radhi! Alinisomea somo zima kuhusu uaminifu wa wahojiwa, mimi nimesimama, kijiko kinagonga kikombe. Mwishoni akanirudishia orodha.

"Piga nyingine. Mtoe mama yako. Nitaisaini leo hii, iende kwa mtendaji."

"Na jirani yetu, Dokta? Huyu anayepikia wanafunzi. Ameletwa akiwa mtoto mchanga. Mume wake Mtanzania, amezikwa hapa hapa."

"Alidanganya?"

"Hapana."

"Basi jibu lake ni sahihi. Siwezi kubadilisha jibu sahihi."

"Wewe mwenyewe umekula kwake."

"Dada, hili ni suala la kitaalamu."

Nimeishi na watu wabaya, wezi na walevi, lakini sijapata kuona ubaya uliotulia namna ile. Mama yangu aliyedanganya kila neno, hata idadi ya watoto, alitolewa kwa kuwa alidanganya. Mwanamke aliyesema kweli alibakizwa kwa kuwa amesema kweli. Na mtu aliyepanga hivyo alikuwa na cheti ukutani.

Nikaenda ofisini kwangu nikachomeka karatasi kwenye mashine, na kaboni zake mbili. Dokta alikuwa amekwenda kufundisha. Nilikuwa peke yangu na majina ya watu sabini na kitu, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikaruka jina la mama. Vidole vikasimama. Niliwaza kwamba atahesabu mistari. Niliwaza kazi yangu, dawa za nyonga ya mama, mtaa mzima kuniona nashuka kilimani na mfuko wangu. Niliwaza yote hayo kwa muda mfupi sana, halafu nikapiga jina la mama mdogo, herufi kwa herufi, na la binti yake, aliyeandikwa naye ingawa kazaliwa mtaani kwetu.

Dokta alirudi kutoka darasani akiwa na haraka, akasaini nakala zote tatu juu ya mapaja, kalamu imekaukiwa wino kiasi cha kuitikisa. Hakusoma hata mstari mmoja.

Alhamisi uwanja ulijaa. Mama alikwenda na mkongojo wake, na mimi nilimfuata kwa sababu sikuweza kubaki nyumbani. Lori lilisimama golini. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, binti yake sare ya shule, kwa kuwa alikuwa na mtihani siku ile na hakukubali kwamba hataufanya. Kwenye ua wa chuo, kule juu, wanafunzi walisimama wametazama. Sikuona aliyeshuka. Nasema nilichokiona: hakushuka hata mmoja.

Mtendaji alipoanza kuita majina mama alipita katikati ya mgambo akamshika mkono wa shati.

"Niandike mimi! Ndimi niliyesema nimekimbia. Hao watoto wa chuo niliwaambia mimi, tena kwa mdomo huu. Nipandishe, umwache huyu."

"Bibi, wewe umefutwa."

"Nani kanifuta? Nimekuomba?"

"Bibi, shikamoo, lakini rudi nyumbani."

Watu wengine walicheka. Mama mdogo ndiye aliyekuja kumtoa, akamshika kiuno kama alivyokuwa akimshika alipomwogesha, akamweka kando ya njia. Akampa ufunguo wa nyumba. Akamwambia migebuka ya jana imo kwenye chungu, imekaushwa, asiache iharibike. Kisha akanigeukia mimi, akanishika shavu.

"Ulijaribu, mwana wanje. Mama yako ameniambia ulikwenda kutusemea. Mungu akuone."

Niliuchukua mzigo wao nikaupandisha kwenye lori.

Mchana ule ule, saa saba na robo, vijana wawili wa chuo waligonga kwetu na vitabu vyao kwapani wakauliza mama wa chakula amekwenda wapi, mbona amefunga. Niliwatukana. Nadhani mpaka leo hawajui kwa nini. Mwezi uliofuata chuo kilitoa tangazo kwamba kinatafuta mama lishe wa kuhudumia wanafunzi, upendeleo kwa jamii inayotuzunguka.

Mama hakulala vizuri wiki ile. Jumapili, tukiwa tunachambua kisamvu uani, aliniuliza bila kuninyanyulia macho:

"Hiyo orodha ya pili. Aliipiga nani?"

"Mimi."

"Ulipoliruka jina langu, lake lilikuwa wapi?"

"La chini yake."

Alimaliza kisamvu chake, akaosha mikono. Kesho yake alfajiri alifunga muhogo na dumu la mawese kwenye khanga, akachukua mkongojo, akaenda Mwandiga kutafuta gari la kwenda kambini. Nilikuwa nimevaa viatu tayari, nimsindikize. Aliniangalia pale mlangoni, akaniambia niwahi kazini.