Mama Kagwe na Sensa ya Soko Letu

Mama yangu, Wacuka, alifika kando ya mto Nzoia mwaka wa 1974 na magunia mawili ya viazi. Wakati huo soko letu, katikati ya Kitale na Bungoma, lilikuwa wanawake watatu na mbwa. Kufikia 1989 lilikuwa na kinu cha kusaga unga, bucha nne, makanisa matatu yasiyosalimiana na duka la vitambaa la Bwana Gurcharan. Lakini maji tuliteka mtoni tu.

Ndipo chifu akatangaza kwamba sensa inakuja, na soko likionekana lina watu wa kutosha, ombi letu la maji ya bomba litasikizwa. Weh! Mama alizunguka nyumba kwa nyumba akiamuru kila mtu alale kwake usiku wa kuhesabiwa. Bwana Gurcharan alikuwa Bungoma kwa dadake Bimla. Mama alimtumia ujumbe, akarudi. Walevi nao walionywa wasilale mtaroni.

Asubuhi yake Barasa, mwalimu aliyepewa kazi ya kuhesabu, akabisha kwetu.

"Mama Kagwe, watoto ni wangapi?"

Kwetu Wakikuyu watoto hawahesabiwi. Ukitaja idadi, unakaribisha kifo. Mama alikuwa amesumbua soko zima bila kukumbuka kwamba zamu yake ingefika.

"Si uandike tu wako wengi, mwalimu."

"Ati wengi? Fomu inataka namba, mama. Bila namba nyumba yako naacha."

Bwana Gurcharan, aliyekuwa akisikiliza bila aibu mlangoni pa duka lake, alicheka mpaka akashika kilemba. "Mama Kagwe! Mimi natolewa Bungoma kama mwizi, sasa wewe ndio nakataa?"

Watu wakaanza kujaa. Mama alikasirika, akaona haya, kisha akapata akili. Alituita tutoke mmoja mmoja, tumsalimie mwalimu, tupite.

"Wewe piga mistari yako huko. Mimi sijahesabu mtu."

Tulitoka tukichekelea, Kagwe kifunguamimba mbele, mimi kitindamimba nyuma. Barasa akapiga mistari, akageuza karatasi.

"Bado swali moja, mama. Kuna uliyemzaa akafariki?"

Kicheko kikaisha. Ndugu yetu Gikonyo alizama mtoni mwaka wa 1983 akiteka maji, na tangu hapo hakuna aliyelitaja jina lake nyumbani. Niliogopa. Nilidhani mama atafunga mlango.

"Gikonyo," akasema. "Alikuwa na miaka tisa. Muandike."

"Pole sana, mama. Hapa hakuna mahali pa jina. Ni namba tu."

Mama akaigusa ile karatasi kwa kidole.

"Basi andika mmoja. Na hawa waliopita ni saba." Hakushusha sauti. "Nimezaa wanane, mwalimu. Wanane. Usiache hata mmoja."