Majina ya Wakulima wa Kailo

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kukataa kugawa mbegu ya muhogo kabla kila kisanduku cha fomu hakijajazwa.

Nilikuwa nimeajiriwa na chuo kimoja hapa Kindu, mimi ambaye kompyuta na Kifaransa nilijifunza peke yangu. Serikali ilikuwa imeanza kusaidia utafiti wa vyuo kwa sharti moja: matokeo yasibaki kabatini, yawafikie wakulima. Profesa wetu alikuwa amepata muhogo usioshikwa na ule ugonjwa wa kukunja majani. Kazi yangu ilikuwa kupeleka vipande vya miti yake Kailo na kurudisha fomu: jina, jina la baba, kijiji, ukubwa wa shamba. Niliogopa fomu zangu zikikataliwa kwa kasoro, watu watasema, si mnaona, huyu hakusoma.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama mudogo, ndugu wa mama yangu, aliyenilea. Shamba lake lote lilikuwa limeshikwa na ugonjwa.

“Nipe mbegu, mutoto wangu. Jina yangu unaijua.”

“Mama mudogo, unitajie na ukubwa wa shamba. Ni serikali njo inaomba.”

“Wakati ya vita, wale nao walisema ni wao njo serikali.”

Kisa hicho nilikijua. Mwisho wake nilikimbizwa porini nikiwa mgongoni mwake. Wenye silaha walikuja na daftari, wakaahidi mbegu ya mpunga, wakaandika majina na mashamba. Wakati wa mavuno walirudi na daftari lile lile, wakapora mavuno, wakianza na wenye mashamba makubwa. Mume wake walimchukua abebe magunia. Hakurudi.

Nilijua yote hayo, na bado nikasema, “Bila fomu siwezi.”

“Umejisomesha muzuri,” akajibu. “Mupaka umefanana nao.”

Akaondoka, na mstari mzima ukamfuata. Nilirudisha mizigo Kindu, nikamwandikia profesa ripoti isiyo na kosa hata moja la tahajia. Profesa akaiomba serikali ruhusa ya kugawa bila fomu; tulipokuwa tukiingoja, vipande vilikauka uani mwa chuo. Mama mudogo alipanda mbegu yake ya zamani. Alipochimba, mizizi ilikuwa myembamba kama vidole.

Siku hizi nagawa kwanza, kisha naandika kile tu ambacho mtu amekubali kiandikwe. Kwa kuwa fomu zina mapengo, msaada wa serikali umepungua na mbegu ni chache. Mama mudogo hutuma jirani amchukulie ya kwake. Yeye mwenyewe haji.