Nimehamia Dodoma, Huku Nyuma Shamba la Mama Linapandwa Mikorosho

Admin, nifiche jina, ila hasira zangu usizipunguze, ziache hivyo hivyo zilivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Kibiti, kule upande wa Mahege. Nimeolewa, nina watoto wawili, na huu ni mwezi wa tano naishi Dodoma. Naandika kwa haraka, mkiona nimekosea herufi mnisamehe.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Alitangulia huku mwaka mzima, akapata kazi ya kueleweka, akapanga vyumba viwili, kisha akanipigia: "Mama watoto, funga mizigo, njooni tukae pamoja kama watu." Nilifurahi jamani, nisiwe mwongo. Nikawahamisha watoto shule, na aliyewahi kuhamisha mtoto shule anajua nilivyozungushwa. Kuku nikagawa. Vyombo vikubwa nikamwachia mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Mbuzi ya kukunia nazi nikaibeba, na ndoo ya mchele wa nyumbani nikaiziba kwa nailoni. Likabaki shamba.

Shamba hilo lilikuwa la mama. Kaniachia mimi, mtoto wake wa pekee, na pale kijijini hakuna asiyejua. Basi shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja kwa adabu zote, kandambili kaziacha mlangoni. "Shemeji, nipe nilime ufuta na mihogo, pasije pakageuka pori nguruwe wakahamia." Nikamjibu mbele ya mama mkubwa, "Lima vya msimu. Mti usiweke." Watu wa pwani mnanielewa. Kwetu ukimwazima mtu shamba, hilo ndilo neno la kwanza kumwambia, maana akishapanda mnazi au mkorosho wake, kumtoa ni kesi. Akacheka: "Shemeji nawe, mimi mtoto mdogo?" Nilitaka twende kwa mwenyekiti wa kijiji tuandikishane. Mume wangu akanifokea kwenye simu, "Ndugu yangu wa damu unataka kumwandikisha kama mwizi?" Nikaona aibu, nikaacha. Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe.

Tukaja Dodoma. Upepo huku, yarabi! Vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Nazi unaitafuta kama dawa. Nikiongea majirani wanacheka lafudhi yangu, nami nacheka nao, nikasema nitazoea. Siku moja nikala papai, nikachukua mbegu nikazifukia pembeni ya bomba la uani, angalau nione kitu cha kijani. Ukaota mpapai mmoja, nikaumwagilia maji ya kuoshea vyombo mpaka ukafika magotini. Mama mwenye nyumba alipouona akawaka: "Mpangaji kwangu hapandi mti!" Mume wangu akatoka, akaung'oa kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba radhi yule mama. Kisha akanigeukia, "Hapa si pako. Pa mtu hapapandwi mti, hata mtoto anajua." Nikaenda kufukia shimo, maana kweli alikuwa na haki.

Wiki iliyopita mama mkubwa kanipigia asubuhi. Hata salamu hakumaliza.

"We mwanangu, shamba umeuza?"

"Sijauza, mama."

"Mbona shemejio kachimba mashimo shamba zima? Miche ya mikorosho imeletwa na guta, wameshapanda yote. Nimemuuliza, kanijibu kaka yake karuhusu."

Nikampigia shemeji papo hapo. Akaniambia, "Shemeji, punguza munkari, tutaongea mkija Idi." Idi! Kwani miche nayo inasubiri Idi ndiyo iote mizizi?

Mume wangu aliporudi kazini sikumngoja avue viatu. Na wala hakukana! "Nilimruhusu mimi. Wewe umeshahama, shamba la nini tena? Mikorosho ikizaa si watoto wako ndio watakula?" Nikamuuliza, "Ikizaa, itakuwa ya nani?" Anahangaika na kamba za viatu. Nikamwambia, "Mpapai wangu mmoja uliung'oa kwa sababu si pangu. Shamba la mama yangu limekuwa pako lini?" Hapo akasimama. "Ukikanyaga Kibiti kwa habari ya hilo shamba, huku usirudi. Na watoto hawaondoki, wanasoma."

Jamani! Mtu niliyemzalia! Sasa nakumbuka ile haraka yake, kila siku simu, njooni, njooni, mnachelewa nini. Sijui alikuwa ananitaka mimi au alitaka tu niondoke pale. Mama alipolima shamba lile alikuwa na mimi mgongoni, leo nililinde kwa kuomba ruhusa? Nimegoma kuongea naye. Nampikia, nampa, naondoka zangu.

Nimejaribu kumlilia mama mkwe, akasema niache kugombanisha ndugu. Mama mkubwa yeye kasema neno moja tu, kwamba jembe langu analo na mlango uko wazi.

Sasa msije mkaniambia nivumilie, wa kuniambia hivyo ninao wengi. Nachotaka kujua ni hiki. Nikienda, huenda wanangu nikawaacha Dodoma na ndoa yangu ikaishia hapo. Nikibaki, mikorosho inaota. Leo miche hiyo inang'oka kwa mkono mmoja, kama alivyoung'oa mpapai wangu. Miaka mitatu ijayo itataka shoka na hakimu. Wangekuwa wanenu, lingekuwa la mama yenu, nyie mngefanya nini?