Mahali pa Feza

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, Mwanangu, na ninaikumbuka kuanzia miguuni, maana nilikuwa nimeazima viatu vya dada yangu, vyekundu, vya kisigino, na vilinibana mpaka machozi. Usicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona mimi ndimi Kolwezi nzima.

Kanisa letu la Anglikana unalijua, ni hili hili la matofali ambalo babu zetu walilijenga kwa mikono yao siku za mapumziko. Uani kulikuwa na jiko la uji, na darasa la watoto waliokuwa wakiosha mawe ya shaba badala ya kwenda shule. Tamasha la kwaya halikuwa na tiketi. Kila aliyekuja alileta bakuli la unga wa mahindi, akalimimina kwenye gunia mlangoni, kwa ajili ya lile jiko.

Na tuliimba nini? Nyimbo za kale za Ulaya, za miaka kama mia tatu nyuma, sauti nne zikifuatana na kupishana. Tata Ilunga, mwalimu wetu, alizinakili kwa solfa, do re mi, kwa kalamu ya bluu, karatasi moja kwa waimbaji wawili. Si kwa ubahili, hapana. Nyimbo zile zina mistari mirefu ambayo hakuna kifua kinachoimaliza kwa pumzi moja. Basi alitupanga wawili wawili: mmoja akivuta pumzi, jirani yake anashika sauti, kisha wanabadilishana, na msikilizaji hajui kabisa kwamba kuna mtu alipumua.

Jirani yangu alikuwa Feza. Alitoka Kongolo na kaka yake mchimbaji, wakapanga chumba Musonoi, karibu na mashimo. Mchana aliosha mawe mtoni, jioni alikuja mazoezini na vumbi kifuani. Mimi nilikuwa binti wa karani, wa nyumba ya kampuni ya migodi kule Kapata. Lakini sauti yake, Mwanangu! Ikiingia chini ya yangu, nilihisi nimeshikwa mkono. Kwa sababu ya kikohozi chake tulitia alama ya penseli kwenye mstari mrefu kuliko yote. Hapo yeye anapumua, mimi nashika.

"Yaya, hapa usiniache," aliniambia kila tulipofika pale; aliniita hivyo, dada mkubwa.

"Nikuache niende wapi?" nilimjibu.

Siku ya tamasha walikuja wageni kutoka Lubumbashi, na kamera ya televisheni. Sisi wawili tulikuwa mstari wa tatu, nyuma, na huko viatu vyangu vingeonwa na nani? Dakika chache kabla ya kuanza nikaona pengo mstari wa mbele, mwimbaji mmoja hakufika. Nikasogea. Feza akanivuta nguo.

"Yaya, unaenda wapi?"

"Kwa wimbo wa kwanza tu. Nitarudi."

Sikurudi. Ule mstari wetu mrefu wa wimbo ulipokuja, nilimsikia nyuma yangu akipanda nao peke yake. Akafika kwenye alama. Mimi nilikuwa natabasamia kamera, na pale pale, kwa uzembe wangu, nikavuta pumzi na mimi. Sauti yetu ikakatika. Kisha kikaja kikohozi, na hakikuisha. Kuna waliocheka. Sauti za wanaume nazo zikapotea njia, na Tata Ilunga akashusha mikono. Feza akatoka kwa mlango wa pembeni, kiganja mdomoni. Tukaanza upya. Na mimi, hili ndilo linaloniuma zaidi, nilibaki mbele nikaimba mpaka mwisho.

Watu walipotawanyika, Tata Ilunga alikuwa anakusanya karatasi. Hakupaza sauti.

"Pale mbele, ulionekana muzuri?"

Nikaviinamia viatu vyangu.

"Nilibapanga babili babili juu hakuna mutu eko na kifua ya kutosha. Enda umutafute leo. Apana kesho."

Nikamwambia sawa, Tata. Lakini viatu vilikuwa vimenichubua, na aibu ilinichubua zaidi, nikasema nitaenda kesho baada ya ibada. Baada ya ibada nikasema Jumatatu. Nilifika Musonoi Jumatano, na mlango ulikuwa na kufuli.

"Balihama jana," mama jirani akaniambia. "Kaka yake alisikia kazi iko Fungurume."

Jana, Mwanangu! Nilikwenda Fungurume mara mbili, nikauliza soko zima, nikaletewa akina Feza wengi wazuri. Wangu hakuwemo. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na bado nina hamu naye. Nikiifungua ile karatasi yetu, aliyoniachia Tata Ilunga, ninamtafuta ubavuni kwangu kama mjinga.

Juzi ulipokaa karibu yangu kwenye mazoezi, nilikusukuma, ukanuna. Ulikuwa na haki. Wimbo tunaoandaa ni ule ule, na pale ulipokaa ni pake.

Sasa nisikilize. Ukipewa mtu wa kupumua naye, awe mume, awe rafiki, awe mwenzako wa kazi, usimwache mahali alipokuomba usimwache, hata kama mbele kuna kamera kumi. Na ukishamkosea, mwendee siku ile ile, hata miguu peku. Aibu haipungui kwa kungojewa. Mimi niliingoja siku nne, ikanigharimu Feza.

Mungu akupe kifua kipana, Mwanangu, na pale kitakapokuishia, akupe jirani asiyesogea.

Haya, njoo. Simama hapa, mahali pake. Alama ya penseli bado inaonekana, tazama. Ukifika hapo pumua, usiogope. Mimi nashika.