Mshumaa Katika Kikapu cha Bonane

Mwanangu, jana uliponionyesha kwenye simu picha ya mahali mlipochagua kwenda kula Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, ulidhani nimekurudishia simu haraka kwa sababu macho yangu hayaoni vizuri. Macho yaliona. Nilikwenda kutafuta mshumaa. Halafu mlipoukuta mshumaa niliouweka kwenye kikapu chenu, katikati ya nyanya na pilipili, mkacheka, mkasema bibi yetu koko anataka tusali rozari kando ya ziwa. Haya, chekeni. Lakini wewe kaa hapa karibu nami kwanza. Hayo makemba, ndizi za kupika, yaache, koko wako Kavira atayamenya. Nina jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kukusimulia, maana lilipotokea alikuwa amelala.

Nakumbuka siku moja ya Bonane, mimi na huyu mdogo wangu Kavira tulikuwa wasichana, hata mwaka hatujamaliza tangu tuteremke Goma kutoka Butembo. Tulikuwa na chumba kimoja mtaa wa Mabanga na meza ya kuuzia maharagwe sokoni Birere, na mji huu tuliupenda kwa pupa. Kwetu Butembo Bonane ilikuwa misa, kuku, na kuzunguka nyumba za wajomba. Hapa watu walitoka. Tangu asubuhi barabara ya ziwani ilijaa masufuria, mikeka, redio na watoto wenye viatu vipya vinavyowabana. Sisi nasi tulikuwa tumeshonesha nguo za kitambaa kimoja, cha njano chenye ndege, na mtu mwenye nguo mpya, wewe unajua, hawezi kukaa ndani.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Kambale, babu yako, Mungu amrehemu, ambaye wakati huo alikuwa bado anamposa Kavira na kwa hiyo alikuwa mpole kuliko alivyokuja kuwa baadaye. Alikodi chukudu, lile gari letu la mbao la kusukuma, akapakia mbabula, jiko letu la makaa, gunia la makala, nyama ya mbuzi na vidagaa vya ziwani, sambaza, vya kukaanga. Mimi nilitembea mbele bila mzigo, kwa sababu nilikuwa mkubwa wa jiko. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mahali.

Ufuko ulikuwa umejaa. Nikasema hatuwezi kula Bonane huku tunakanyagwa, tukaenda mbali zaidi, upande wa magharibi, kwenye mawe meusi ya volkano. Huko nikaona bonde dogo, kina chake kama urefu wa mtu, limezungukwa na mawe, na ndani yake majani ya kijani, marefu, laini. Kote juu majani yalikuwa yameliwa na mbuzi hadi kwenye udongo. Mle ndani hakuna aliyegusa hata jani moja. Nikajiona nina bahati. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu, lakini mimi nilikuwa nimesahau kwamba ni mgeni.

Tulikuwa bado tunashusha vyombo, muzee mmoja akapita juu yetu na mbuzi wake, kamba begani, kofia ya sufu kichwani. Alisimama akatutazama. Akatuuliza kama kuna mtu tuliyemuuliza kabla ya kuingia pale. Nikamjibu kwa mdomo wa soko, kwamba tumekuja kula, hatukuja kununua shamba lake.

"Mwanangu," akasema, "hata mbuzi zangu hazishukaka mule."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anataka nyama. Mtu mzima anatuonya, mimi naona njaa. Nikamwambia apite baadaye, tutamwekea mfupa. Kambale alicheka. Muzee akaondoka polepole na mbuzi wake, wala sikumtazama tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile lililotaka kuvunjika halikuwa guu langu.

Nikawasha moto chini kabisa bondeni. Makala yalishika kidogo, yakawa mekundu, kisha yakafifia. Nikawasha tena. Yakafifia tena. Nikamtukana muuza makala wa njia ya Kibati, nikasema ametuuzia makala yaliyolowa, nikamtaja na mama yake, Mungu anisamehe. Niliinama kupuliza, nikiinuka kichwa kinagonga, nikasema ni njaa. Na kitu kingine nilikisifu kwa sauti, leo nikikikumbuka nywele zinanisimama: nyama ilikuwa wazi kwenye sinia na hapakuwa na nzi hata mmoja. Nikasema, tazameni, mahali pasafi namna hii mtapata wapi.

Kavira alikuwa amechoka. Usiku alikuwa ameshona vifungo vya nguo zetu, alfajiri amekaanga sambaza. Akatandika mkeka kwenye mteremko wa lile bonde, akaikunja vizuri nguo yake isichafuke, akaniambia nimwamshe nyama ikiiva. Nikamwambia alale. Mimi mwenyewe nilimwambia alale.

Makala yalipozima mara ya tatu, Kambale akasema tupandishe mbabula juu kwenye mawe, labda kule kuna upepo. Tukaibeba, yeye huku na mimi huku. Kule juu makala yakashika mara moja, yakawaka hadi yakarusha cheche. Tukafurahi kama watoto. Kambale akafungua redio, mimi nikapanga mishikaki, tukaanza kubishana kuhusu pilipili. Upepo wa ziwani ulikuwa umetulia, mawingu yameshuka, na kulikuwa na ile baridi nzuri ya siku isiyo na jua. Nikageuza nyama upande wa kwanza. Nikageuza upande wa pili. Nikaita Kavira.

Nikaita tena. Nikatazama chini. Alikuwa amelala vilevile, uso kwenye mkono, na mdomo wake ulikuwa rangi ya majivu.

Sijui nilipiga ukelele gani. Kambale aliruka ndani, akamkimbilia, akainama amnyanyue. Nilimwona akisimama katikati ya kuinama, kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu magoti yakamlegea. Sijui ni malaika gani alimgeuza. Alipanda kwa mikono na magoti, akaanguka juu ya mawe akihema. Mimi nilikuwa tayari nimeweka mguu bondeni pale mkono uliponishika shingoni, kwenye kola ya ile nguo mpya, ukanirudisha kwa nguvu. Alikuwa yule muzee.

"Usishuke hivyo," akasema. "Ukishuka hivyo, leo tutazika bawili."

Nilimpiga, mwanangu. Nilimpiga kifuani kwa ngumi, nikimwambia ni mdogo wangu, ni mtoto wa mama yangu. Hakuniachia. Huku akinishikilia alikuwa ananifunga kamba ya mbuzi kiunoni, na anazungumza taratibu kama mtu anayefundisha kufuma kikapu. Hiyo ni mazuku, akasema, hewa mbaya inayotoka kwenye udongo na kujikusanya mahali pa chini. Aliyesimama inaweza kumwacha, aliyelala haimwachi. Wewe ni mwepesi, ukianguka tutakuvuta, lakini huyu kijana akianguka hatutamweza. Vuta pumzi hapa juu, ufunge mdomo, tembea wima, uiname mara moja tu. Ukimshika usimwite. Hata ukiona amekufa, usimwite.

Neno hilo, mazuku, nilikuwa nimelisikia sokoni mara nyingi. Nilikuwa nimeliweka pamoja na hadithi za wachawi ambazo watu wa Goma wanawatishia wageni.

Nikashuka. Sijawahi kuogopa namna ile kabla wala baada, na nimeona volkano ikishuka mjini, nimekimbia na godoro kichwani kama watu wote wa hapa. Hofu ile ilikuwa nyingine, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuogopa. Majani mazuri, mkeka, msichana amelala. Nikainama, nikamshika kwapani, na kifua changu kikaanza kudai hewa. Nikakosea, nikavuta kidogo tu puani. Ikanichoma, na masikio yakajaa kelele. Nilimkumbatia, nikasikia kamba inanikata kiuno, kisha mawe yananichubua mgongo, kisha mvua ya mikono.

Muzee alimlaza Kavira mahali pa juu kabisa, akamgeuza ubavu, akafungua vile vifungo alivyoshona usiku. Kambale alikuwa anapepea na mfuniko wa sufuria huku analia bila aibu. Sisi wawili tulisali kwa Kinande, lugha ya kwetu, kila mtu sala yake. Sijui ni dakika ngapi. Mimi naona bado niko pale. Halafu Kavira akakohoa, akatapika, akafungua macho, akanitazama kwa hasira ya mtu aliyekatishwa usingizi.

"Nyama imeiva?" akaniuliza.

Nyama ilikuwa imeungua yote. Muzee alikuwa anafungua kamba yake kiunoni kwangu, fundo baada ya fundo. Nikamuuliza, kwa aibu niliyokuwa nayo, kwa nini alibaki karibu wakati nilimtukana. Akasema aliona moto wetu umehama, akajua, akawa anarudi kututoa.

"Mutu haachi mutu kufa sababu ya mudomo yake," akasema. "Lakini wewe, mwanangu, haukukosa akili. Moto ilikuambia mara tatu, ukaona makala ni mubaya. Mulihamisha moto, mukaacha mutu."

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa. Nilimpa kwa mikono miwili kipande ambacho hakikuungua sana, nacho akakipokea, akakaa nasi akala, maana alisema kukataa chakula cha Bonane ni kuanzisha mwaka kwa ugomvi. Kila Bonane baada ya hapo nilimpelekea mguu wa mbuzi, mpaka mwaka niliokuta amezikwa.

Sasa wewe umesoma, unaijua hiyo hewa kwa jina lake la darasani. Nimefurahi. Lakini katika picha yako nimeona bonde lenye majani marefu, na juu yake ardhi imeliwa na mbuzi hadi kwenye udongo, na wewe umeandika chini yake kwamba mmepata mahali patulivu. Kuna sehemu wameweka vibao vya hatari, na vibao vingine vimeshaibwa vikawa kuni. Usingoje kibao. Yule unayemposa atakuwepo, rafiki zako watakuwepo, na ndani ya mmoja wao kuna wajukuu ambao hawajazaliwa, kama wewe ulivyokuwa umelala kwenye mkeka ule pamoja na Kavira.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Sikukatazi sikukuu. Kula, choma, cheza, vaa nguo mpya. Lakini pale mtakapofika, muulize mwenyeji kabla hujashusha sufuria, hata akiwa na nguo zilizochanika, hata ukidhani anataka nyama yako, maana kuuliza si ujinga. Uwashe mshumaa wangu, uuweke chini kabisa, kabla ya mkeka. Ukizima bila upepo, usiulaumu mshumaa. Ondokeni wote, mkihesabiana vichwa, na aliyelala abebwe kwanza kabla ya chakula. Na akianguka mtu, usimfuate mbiombio. Mfuate na kamba.

Mungu wa wazazi wetu awatangulie kwenye njia ya ziwa, awape upepo, awape nzi wengi juu ya nyama. Kila utakayekwenda naye, urudi naye. Mimi nitakaa hapa mlangoni nikiwangojea, na Kavira atanicheka, kama anavyonicheka kila mwaka, kwa sababu yeye siku ile alilala tu. Mimi ndiye sijalala.