Sabuni Iliyokwenda Vitani

Wenzake walirudi kutoka vitani Uganda na redio, saa za mkononi, na mmoja hata na cherehani. Mume wangu alirudi na miwani.

Haikuwa ya kusomea. Ilikuwa kioo kimoja kikubwa cha mviringo, ukingo wake mpira mweusi, na mkanda wa kufungia kisogoni. Pamoja nayo kulikuwa na bomba la plastiki lililopinda upande mmoja. Aliitundika kwenye msumari chumbani, akalala siku mbili mfululizo.

Mimi nilikuwa nasubiri sabuni. Wakati wa vita alikuwa ameniandikia barua moja fupi: yu mzima, niwasalimie watoto, na amenihifadhia mche wa sabuni. Siku hizo hapa Kanazi sabuni ilikuwa habari ya kutangaza. Ikifika duka la kijiji unapanga foleni tangu alfajiri ili upate kipande, na isipofika unafulia majani ya mpapai. Mche mzima! Barua ile niliwasomea majirani wawili kisimani bila wao kuniomba.

Basi alipoamka nikamimina mfuko wake wote kitandani. Shati, mkanda, sufuria ndogo ya kijeshi. Sabuni hakuna.

"Iliisha," akasema.

"Mche mzima uliishaje?"

"Iliisha tu."

Nikalinusa shati lake. Halikunukia sabuni hata kidogo, na hapo ndipo roho ilipoanza kunisumbua. Kama hakuogea yeye, aliogea nani?

Niseme wazi kwamba mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nilimwonea wivu dada yake kwa sababu mume wangu alimpa kiti chenye egemeo siku ya harusi yetu. Nilimwonea wivu muuguzi aliyemfunga kidonda cha mguu. Mama yangu mzazi alimwonya mume wangu kabla hajatoa mahari, naye akacheka akidhani anataniwa.

Kwa kuwa sabuni nilikosa, niliichukua miwani iwe yangu. Mvua zilikuwa zimeanza, kuni zote mbichi, na jiko langu lilijaa moshi mpaka macho yanavimba. Nikaivaa miwani ile. Ilikaba pua, lakini moshi haukupita kabisa. Bomba nalo nikapulizia moto, maana liliingia hadi chini ya chungu bila mimi kuinama sana, ingawa siku moja nililisahau kwenye makaa na mdomo wake ukaungua kidogo. Binti zetu wawili walicheka mpaka wakalala chini. Majirani walikuja kunitazama nikipika. Mume wangu aliniona, akafungua kinywa, akakifunga. Nikadhani amependezwa.

Kiangazi kilipofika aliitoa miwani kwenye msumari pamoja na bomba lake, akaiosha taratibu, akaifunga kwenye shati lake la mgambo.

"Unapeleka wapi miwani yangu?"

"Si yako," akasema. "Ni ya mke wa mwenzangu, yule tuliyelala naye handaki moja, aliyebaki kule. Baba mkwe wake ametuma habari kwamba matanga yameondolewa."

Mwenzake huyo nilimjua kwa kusimuliwa. Alikuwa Mzinza, mvuvi wa Nyamirembe, na mume wangu alipitia kwao kupeleka habari ya kifo kabla hata ya kufika kwangu. Hilo sikuwa nimelisahau. Sasa anatoka kwenda mara ya pili, na zawadi mkononi, kwa mwanamke ambaye matanga yake yameondolewa. Mjane aliyeondolewa matanga anaweza kurithiwa. Hupokewa na ndugu wa marehemu, na watu waliolala handaki moja huitana ndugu.

"Tunakwenda wote," nikasema. "Watoto hawajaliona ziwa."

Akafurahi. Furaha ile ilinikera kuliko kama angekataa.

Balozi wa nyumba kumi, ambaye lazima akuandikie barua ndipo usafiri, aliuliza nani amefariki. Mume wangu akasema hakuna, tunakwenda kutembea na watoto na kupanda mtumbwi. Balozi alimtazama sana, kisha akaandika "msiba." Tukapanda lori la kahawa, tukalala Nyarubungo kwa shangazi yake, kesho yake tukapata lori jingine hadi Nyamirembe. Njia nzima binti zangu waliimba juu ya magunia. Mimi nilikuwa na swali moja tu kichwani: nitarudi Kanazi nikiwa mke peke yangu, au tutakuwa wawili?

Nilikuwa nimeomba mjane huyo awe mbaya wa sura. Hakuwa. Alikuwa mrefu, mwanya mbele, mikono imara ya mtu aliyevuta kamba za nyavu, na kitenge kipya chenye maua ya njano. Alimwita mume wangu shemeji. Alipokea shikamoo za watoto, kisha akaishika mikono yangu yote miwili.

"Dada," akasema, "asante kwa ile sabuni."

Masikio yaliniwaka. Kumbe ilifika huku! Mimi nafulia majani ya mpapai, mwenzangu ananishukuru machoni pangu, tena kwa heshima. Nikasema, "Haina neno," nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameinama anafungua kamba za kiatu, kazi ambayo siku hiyo ilimchukua muda mrefu ajabu.

Usiku ule sikumsemesha. Asubuhi tulishuka ufukweni, tukamwamkia mzee, baba mkwe wa mjane, naye akaitikia marahaba na kusukuma mtumbwi wake wa mbao majini. Alikaa nyuma na kasia. Nilihakikisha nimekaa katikati, mume wangu mbele yangu na yule mwanamke nyuma yangu. Mtu angesema mkwe yumo mtumbwini, jambo gani baya lingetokea? Wivu wangu haukumwona mkwe.

Na ziwa lenyewe sikulipenda. Mimi ni mtu wa vilima. Kwetu ukitazama mbali unaona kilima kingine na moshi wa nyumba ya mtu. Hapa nilitazama nikaona maji, tena maji, na mtumbwi unayumba kila mtoto anapogeuka. Nilishika magauni ya binti zangu, moja mkono huu, moja ule. Nyuma yangu sauti ilikuwa inasema, "Shemeji, sogea kulia kidogo. Shemeji, chota maji hayo." Kila shemeji ilinichoma.

Tulifika kwenye kisiwa kidogo cha mawe matupu, meupe kwa vinyesi vya ndege. Huko maji yalikuwa meupe pia, unaona jiwe linavyoshuka mpaka linapotelea gizani. Mzee akafunga mtumbwi kwenye mwamba. Mume wangu akafungua furushi la shati lake la mgambo, akatoa miwani, akamvalisha yule mwanamke. Vidole vyake vilipita kwenye nywele zake vikikaza mkanda. Mkanda ule ulikuwa bado na nywele zangu mbili.

Uvumilivu ukanishinda.

"Sabuni yangu ulimpa lini?" nikasema. "Mbele ya mkwe wake, niambie. Lini?"

Binti zangu wakanigeukia. Mzee akaacha kukaza fundo la kamba. Mume wangu alikuwa mwekundu wa macho kama mtu aliyekaa jikoni kwangu. Aliyejibu ni yule mwanamke. Aliipandisha miwani kwenye paji la uso.

"Dada, mimi hiyo sabuni sijaishika. Kwani hakukwambia?"

Nikatikisa kichwa.

Yeye akaanza kusema maneno ya barua aliyoandikiwa na marehemu mumewe. Aliyajua yote kwa moyo, kwa sababu katekista alikuwa amemsomea mara nyingi mpaka akachoka.

"Mume wangu aliandika hivi. 'Mwenzangu ana mche wa sabuni, ametembea nao tangu Mutukula. Tuna chawa, tunanuka kama mabeberu, tunamwomba akate hata cha ukubwa wa kidole, anasema hii ni ya mke wangu, haikatwi. Tunamwita Bwana Sabuni. Sasa tumefika Entebbe, ziwani, na kuna mzee hapa ana miwani ya kutazama chini ya maji. Mimi nimewatoa samaki kwenye mawe yetu tangu utoto, na wewe umewapaa magamba maisha yako yote, na hakuna kati yetu aliyewaona nyumbani kwao. Mzee hataki kitu kingine, anataka sabuni. Nimemlilia Bwana Sabuni siku mbili. Leo amenipa mche wote. Ukimwona mkewe, mwambie asante kwa sabuni.'"

Akavuta pumzi. "Nami nimekwambia."

Kisha akashusha miwani, akaingia majini taratibu, mkono mmoja umeshika ukingo wa mtumbwi. Mzee alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mjane kwao hagusi ziwa wala kifaa chake hadi matanga yaondoke, na kwamba huyu alikuwa ameingoja siku hii miezi minane. Uso ulikuwa ndani ya maji, bomba juu. Tulisikia pumzi zake. Halafu tukasikia sauti kwenye bomba, maneno yasiyoeleweka, marefu, yanapanda na kushuka. Alikuwa anamsimulia mtu. Mume wangu aligeuza uso akatazama mawe.

Alipotoka alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Wapo! Furu, wengi, wa bluu na wekundu, kila mmoja na kijumba chake kwenye mwamba, wanafukuzana kama majirani." Akajipangusa pua. "Lakini bomba hili mbona lina ladha ya moshi?"

Ilibidi niseme. Nilisema kwamba nilipulizia moto, na miwani nilipikia maharage. Alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, na mzee naye akacheka, na binti yangu mkubwa akaongeza yale ambayo sikuyasema, jinsi nilivyokwenda mlangoni kumpokea padri nikiwa nimeivaa.

Watoto walitazama, mmoja baada ya mwingine, wakipiga kelele kwenye bomba. Kisha mjane akanipa mimi. Nilitaka kukataa, na ningekataa kama si watoto. Sikuingia majini. Nililala kifudifudi ukingoni, naye akakamata kanga yangu kiunoni kwa ngumi yake imara, nikatumbukiza uso.

Niliwaona. Mmoja wa bluu alisimama mbele ya pango lake akanikodolea macho, mapezi yakipepea, mkali kweli, analinda mlango wake nisiingie. Nilimwelewa vizuri sana. Siku hizi wanasema sangara wamewamaliza furu wa rangi zile, na mimi huwaambia wajukuu kwamba niliwaona, hawaamini.

Nilikaa na uso majini muda mrefu kuliko wote. Kioo kiliingia ukungu, nikasingizia kwamba maji yamepenya. Ukweli ni kwamba wivu haukuwa umetoka. Ulikuwa umehama tu. Mwanamke mwingine, mbali na nyumbani kwangu, alikuwa amejua kwa moyo, miezi yote hiyo, jinsi mume wangu alivyonipenda. Katekista wake alijua. Mkwe wake alijua. Wenzake wenye chawa walijua. Mimi mwenyewe nikawa wa mwisho kuambiwa, tena na yeye.

Tuliporudi ufukweni nilimfuata mume wangu pembeni, alikokuwa anakausha kioo kwa pindo la shati kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Nilimsemesha Kihangaza ili wenyeji wasisikie.

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliendelea kukausha.

"Ningekwambia sabuni yako nimempa mwenzangu akamnunulie mkewe zawadi," akasema, "ungeniamini?"

Nikamtazama mjane, amesimama kwenye maji ya magotini na binti zangu, anakamua kitenge chake cha maua ya njano.

"Ningekuuliza huyo mkewe anafananaje," nikasema.